Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa: Tathmini ya Mtumiaji Mwenye Kopo, Rula na Daftari

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikisoma taarifa za huduma ya taifa ya hali ya hewa kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani na kila jioni kabla ya kulala, kisha naandika katika daftari kilichotarajiwa na kilichotokea. Nilianza kwa sababu nilichoka kusikia, na wakati mwingine kusema mwenyewe, kwamba watu wa hali ya hewa hawajui kitu, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kumbukumbu za kuthibitisha shutuma hiyo. Nikachukua kopo lenye kuta zilizonyooka, nikaliweka mahali pa wazi mbali na paa na miti, nikawa napima kwa rula maji yaliyoingia kila siku saa moja asubuhi. Ninayoandika hapa yametokana na daftari hilo, na pia na kusoma jinsi huduma za namna hii zilivyofanya kazi, au zilivyoshindwa kuwafikia watu, katika majanga yanayojulikana.

Sitaijadili ofisi ya nchi moja. Huduma hizi zinafanana kuliko tunavyodhani, kwa sababu karibu zote zimo katika Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo mkataba wake ulianza kutumika tarehe 23 Machi 1950, na kwa sababu wingu halina pasipoti: nchi isiyopata vipimo vya jirani yake haiwezi kujua kesho itanyeshewa au la. Bidhaa anazopewa mwananchi nazo ni zile zile, yaani utabiri wa kila siku, taarifa za tahadhari, mwelekeo wa msimu, na siku hizi taarifa za joto kali. Nimezipima zote kwa kigezo kimoja. Sikuuliza tu kama mvua ilinyesha kama ilivyosemwa. Niliuliza kama taarifa ilinipa muda wa kutosha na maneno ya kutosha ili nifanye jambo kabla hali haijaharibika.

Nianze na utabiri wa kila siku, ambao ndio unaosomwa na wengi na kutukanwa na wengi. Neno letu lenyewe la utabiri linaipa kazi hii mzigo isioustahili. Katika matumizi ya kale, anayetabiri ni mwenye bao na nyota. Anakuambia yatakayokuwa, na yasipokuwa, ni mwongo. Robert FitzRoy, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyepewa kuongoza idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo mwaka 1854, alikumbana na tatizo hilo hilo katika lugha yake. Dhoruba ya Oktoba 1859 iliyoivunja meli ya Royal Charter kwenye miamba ya pwani ya Wales, ikaua watu zaidi ya 400, ndiyo iliyomsukuma kuanzisha, mwaka 1861, mfumo wa kuzionya bandari kwa simu ya maandishi. Mwezi Agosti mwaka huo huo maoni yake kuhusu hali ya hewa ya siku inayofuata yakaanza kuchapishwa gazetini. Alisisitiza kwamba anachotoa si unabii, bali ni maoni yaliyojengwa juu ya vipimo na hesabu. Tofauti hiyo bado haijawakaa watu vichwani, na sehemu ya lawama iko kwa huduma zenyewe, ambazo hazijawahi kutumia nguvu nyingi kuieleza.

Nilijifunza tofauti hiyo kwa njia ya asilimia. Siku moja taarifa ilisema uwezekano wa mvua ni asilimia 30, nikaacha nguo kwenye kamba, na zikalowa chapachapa kabla ya adhuhuri. Kwenye daftari niliandika "wamekosea". Miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa na siku nyingi za aina hiyo, nikazikusanya pamoja na kugundua kwamba mvua ilikuwa imenyesha katika baadhi tu ya siku hizo, na kwamba siku kavu zilikuwa nyingi kuliko za mvua, kama inavyopasa. Asilimia 30 haimaanishi kwamba haitanyesha. Inamaanisha kwamba, ukichukua siku kumi zinazofanana na hii, takriban tatu zitakuletea mvua mahali ulipo. Anayeanika nguo anaweza kubahatisha. Anayemwaga zege, au anayeanika mazao ya msimu mzima, hapaswi kubahatisha kwa uwezekano huo huo. Taarifa ni moja, lakini uamuzi unategemea unachoweza kupoteza, na hili ndilo jambo ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa chini ya kila utabiri.

Kuhusu usahihi, hukumu yangu ni njema. Utabiri wa kesho na keshokutwa ulinifaa mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Wa siku ya tano ulinipa sura ya jumla. Wa siku ya tisa au ya kumi nimeacha kuupangia jambo lolote. Wanasayansi wa fani hii husema kwamba katika miongo ya karibuni ubora wa utabiri umesogea mbele kwa takriban siku moja kila baada ya miaka kumi, yaani utabiri wa leo wa siku ya tano una thamani ya ule wa siku ya nne wa miaka kumi iliyopita. Nyuma ya sentensi moja ya "mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo" kuna kazi ambayo mwananchi haioni: maputo yanayorushwa mara mbili kwa siku, kwa saa zilizokubaliwa duniani kote, yakibeba vipimo vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa hadi zaidi ya kilomita 30 juu, setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 zinazokaza macho mahali pamoja, na kompyuta zinazopiga hesabu ile ile mara nyingi, kila mara zikianza na vipimo vilivyobadilishwa kidogo. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati, kwa mfano, hufanya hivyo mara 51 kwa kila utabiri wa aina hiyo. Majibu yakikaribiana, mtaalamu husema kwa uhakika. Yakitawanyika, asilimia hushuka.

Nikilalamika kuhusu utabiri wa kila siku, nalalamikia lugha ya muda. Taarifa ikisema "mvua usiku wa Jumanne", je, ni usiku unaoanza Jumanne jua likizama, au ni ule uliotangulia? Kiswahili kina dawa ya utata huo tangu zamani: tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano" na kila mtu anaelewa. Hali kadhalika saa. Mwenye kuandika "saa 12:00" bila kuongeza jioni, asubuhi, mchana au usiku, huku baadhi ya wasomaji wakihesabu saa kwa mtindo wetu na wengine kwa mtindo wa saa 24, anaweza kumkosesha mtu saa sita nzima za kujiandaa. Ni dosari ndogo inayorekebishika kwa neno moja, na ndiyo maana inaniudhi.

Sasa niende kwenye taarifa za tahadhari, kwa maana hapa ndipo huduma hii inapookoa au kupoteza maisha, na hapa ndipo nilipotumia kurasa nyingi zaidi za daftari.

Zamani taarifa ya tahadhari ilieleza hali ya hewa peke yake: mvua zaidi ya milimita 50 katika saa 24, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita mbili. Kwa mtaalamu hizo ni habari kamili. Kwa mama anayeuza bidhaa zake kando ya mtaro, milimita 50 ni upana wa vidole vitatu, na vidole vitatu vya maji havimtishi mtu. Mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni ni kwamba huduma nyingi sasa zinaeleza pia athari. Ufaransa ilianza mwaka 2001 kutumia ramani ya rangi nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu, baada ya dhoruba za Desemba 1999 kuonyesha kwamba kutangaza kasi ya upepo hakutoshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo hutumia ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kisha hueleza mambo mawili kwa kila taarifa: kiwango cha uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea, pamoja na mifano ya athari zenyewe kama makazi kuzungukwa na maji au usafiri kuchelewa. Nauona mpangilio huo kuwa bora sana, kwa sababu unatenganisha maswali mawili ambayo akili ya kawaida huyachanganya, yaani "je, litatokea?" na "likitokea, litaniumiza kiasi gani?" Jambo lenye uwezekano mdogo na athari kubwa linastahili maandalizi, hata kama mwishowe halitokei.

Nieleze siku moja kwa ukaribu. Adhuhuri nilipokea angalizo la mvua kubwa kwa siku inayofuata: uwezekano wa wastani, athari za wastani, baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Nikakaa chini na kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa. Paa la mita za mraba 60 likipokea milimita 50 litamwaga lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200, na yote yanapita katika mifereji miwili ya paa na kuishia kwenye mtaro mmoja. Nikatoka kuutazama mtaro huo. Ulikuwa umejaa majani makavu, mifuko ya plastiki na mchanga, na kwenye kona yake palikuwa na nafasi ya kupita mkono tu. Nilifanya kazi hadi jua likazama. Jirani akaja na jembe akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha ujumbe, naye akaenda kusafisha wa kwake. Nikapandisha vyeti na madaftari kwenye rafu ya juu, nikajaza maji safi ya kunywa, nikachaji simu na taa. Asubuhi iliyofuata baada ya mvua hiyo, kopo lilikuwa na milimita 41.

Kwa hesabu kavu, walikosea: kizingiti cha milimita 50 hakikufikiwa pale nilipo. Lakini maji yalipita mtaroni yakiwa yamekaribia ukingo, na ninajua kwamba kama ule mtaro ungebaki nilivyoukuta, yangeingia ndani. Siku ile niliacha kuipima huduma hii kwa neno "wamepatia" au "wamekosea" peke yake.

Taarifa nzuri ya tahadhari, basi, ni ile inayomwinua mtu kitini. Na historia ya karibuni inaonyesha waziwazi kwamba sayansi sahihi peke yake haimwinui. Novemba 2013, kimbunga Haiyan kilipoielekea Ufilipino, wataalamu wa nchi hiyo walionya mapema kwamba bahari ingeinuka na kuvamia pwani. Walitumia istilahi ya kitaalamu ya Kiingereza kwa jambo hilo, na watu wengi wa mji wa Tacloban hawakuielewa. Baadaye manusura walisema kwamba kama wangeambiwa kutakuwa na kitu kama tsunami, wangekimbia. Zaidi ya watu 6,000 walikufa. Utabiri ulikuwapo na ulitangazwa; kilichokosekana ni neno ambalo mvuvi angelisikia na kuona akilini ukuta wa maji ukiingia mlangoni kwake. Kila mara ninaposoma taarifa yenye istilahi ambazo hata mimi nazitafuta kwenye kamusi, namkumbuka mvuvi huyo. "Bahari itapanda hadi urefu wa paa la nyumba, ondokeni pwani kabla ya usiku" ni sentensi ambayo mtaalamu anaweza kuiona si ya kisayansi, lakini ndiyo anayoihitaji mtu wa pwani.

Upande wa pili wa tatizo ni mnyororo wa kufikisha ujumbe. Tarehe 29 Oktoba 2024, shirika la hali ya hewa la Hispania lilitoa tahadhari nyekundu ya mvua kwa eneo la Valencia saa 1:31 asubuhi. Ujumbe wa dharura uliotumwa na mamlaka za eneo kwa simu za wananchi ulifika baada ya saa 2 usiku, wakati katika miji kadhaa watu walikuwa tayari wamenaswa na maji ndani ya magari na vyumba vya chini vya maegesho. Waliokufa walizidi 220. Sioni njia ya kuilaumu huduma ya hali ya hewa kwa saa hizo zilizopita katikati. Ilisema, na ilisema kwa rangi ya juu kabisa iliyonayo. Hata hivyo, mwananchi hagawanyi lawama kwa ofisi. Yeye anajua tu kwamba simu yake ililia akiwa amesimama majini. Ndiyo maana katika tathmini hii naiweka njia ya kufikisha ujumbe ndani ya huduma yenyewe, hata kama kwenye karatasi iko mikononi mwa idara nyingine.

Mfano wa kinyume upo, na unapaswa kusimuliwa mara nyingi kuliko unavyosimuliwa. Jimbo la Odisha, pwani ya mashariki ya India, lilipigwa na kimbunga kikubwa Oktoba 1999, na watu karibu 10,000 wakafa. Oktoba 2013 kimbunga Phailin, nacho kikali sana, kilipiga pwani hiyo hiyo. Katikati ya miaka hiyo yalijengwa makimbilio ya vimbunga, wakafunzwa watu wa kujitolea vijijini, na idara ya hali ya hewa ikawa na uwezo wa kutaja kwa siku kadhaa kabla ni sehemu gani ya pwani itakayopigwa. Karibu watu milioni moja walihamishwa, na waliokufa walihesabika kwa makumi. Bahari ilikuwa ile ile, ila safari hii taarifa ilikuta mtu wa kuibeba mpaka mlango wa mwisho, na mahali pa kwenda palikuwa tayari.

Kuna kipengele kimoja cha taarifa za tahadhari ambacho sikukithamini kabla ya mwaka huu, nacho ni tangazo la kwamba hatari imepita. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, taarifa zilitolewa mfululizo hadi ile ya mwisho iliyosema kwamba kimepoteza nguvu baada ya kufika Kisiwa cha Mafia. Tangazo la namna hiyo linaonekana dogo, lakini bila hilo mwenye chombo hajui arudi lini baharini, na mtu akikaa siku mbili bila kuambiwa lolote, safari nyingine hatasubiri ruhusa. Huduma inayofungua tahadhari na kusahau kuifunga inajichimbia kaburi la imani.

Radi niipitie kwa ufupi, kwa kuwa maelekezo yake ni machache na huduma nyingi huyatoa vizuri. Ukiuona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Lakini usingoje hesabu, kwa sababu ukiisikia ngurumo tayari uko ndani ya umbali wa kupigwa. Ingia ndani ya nyumba, na ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mti si kimbilio. Ningefurahi kama maneno haya yangekuwa sehemu ya kila utabiri wenye neno "ngurumo", badala ya kuwekwa kwenye kurasa za elimu ambazo hazifunguliwi na mtu.

Vivyo hivyo maji yanayokwenda kasi. Huduma ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani imekuwa ikirudia kwa miaka mingi vipimo ambavyo kila dereva na kila mzazi anapaswa kuvijua: sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kulichukua hata gari kubwa. Nilipima sentimita 15 mguuni mwangu kwa ile rula ya kopo. Zinaishia juu kidogo ya kifundo. Huo ndio urefu ambao watoto huuita wa kuchezea, na ambao sisi wakubwa hukunja suruali na kuvuka. Takwimu chache zimenibadilisha mwenendo kama hiyo.

Joto kali ndilo eneo ambalo huduma nyingi bado ziko nyuma, na nadhani ni kwa sababu joto halina picha: haling'oi paa wala halibebi gari. Kiangazi cha mwaka 2003 kiliacha Ufaransa na vifo takriban 15,000 vya ziada, wengi wao wazee, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikaanzisha mpango wa tahadhari za joto. Mambo mawili yangefaa kuelezwa kila siku ya joto. La kwanza ni kwamba nyuzi zinazotangazwa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku chenye kupitisha hewa, kimo cha kati ya mita moja na robo na mita mbili kutoka ardhini. Anayefanya kazi juani juu ya bati au lami yuko katika joto jingine kabisa. La pili ni unyevu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na hewa ikiwa imeshiba unyevu halikauki, kwa hiyo nyuzi 33 za mahali pakavu na nyuzi 33 za mahali penye unyevu si kitu kimoja kwa mwili. Taarifa niliyokuwa naisoma ilitaja nyuzi za mchana tu. Kuhusu usiku haikusema kitu, ilhali ni usiku ambapo mwili wa mgonjwa na wa mzee hutafuta nafuu, na usiku ukikosa kupoa siku mbili tatu mfululizo ndipo watu wanaanza kuanguka.

Mwelekeo wa msimu nauheshimu, ila nauona kama bidhaa inayosomwa vibaya kuliko zote. Mkulima akiambiwa "mvua za wastani hadi juu ya wastani" huelewa kwamba zitakuwa nzuri. Maana yake halisi ni kwamba wataalamu wamechukua kumbukumbu za miaka 30, kwa sasa ile ya 1991 hadi 2020, wakazigawa katika mafungu matatu ya chini ya wastani, wastani na juu ya wastani, kisha wakaeleza ni fungu lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kutokana na hali ya bahari na pepo. Fungu lililopewa asilimia 45 linaongoza, lakini hata hivyo lina nafasi kubwa zaidi ya kutotokea kuliko ya kutokea. Zaidi ya hayo, jumla ya msimu haisemi mvua itagawanyikaje. Mvua ya msimu mzima inaweza kufikia wastani huku ikiwa imekatika wiki tatu katikati, mahindi yakiwa yanachanua. Huduma zinazoongeza tarehe zinazotarajiwa za kuanza na kuisha kwa mvua, pamoja na vipindi vya ukavu vinavyoweza kujitokeza, na zinazofuatiliza taarifa hiyo kwa marekebisho ya kila mwezi, zinamsaidia mkulima kwelikweli. Zile zinazotoa hotuba moja mwanzoni mwa msimu na kunyamaza zinamwacha na karatasi nzuri.

Nirudi kwenye manung'uniko, ambayo ni mawili, na yote nayaandika kwa nia njema. Kwanza, maeneo. "Maeneo machache ya mkoa" ni maneno ya haki kwa mtaalamu, kwa kuwa wingu la ngurumo linaweza kunyeshea mtaa mmoja na kuuacha unaofuata ukiwa na vumbi. Kwa mwananchi, hata hivyo, kila mtu hujiona yuko nje ya hayo machache. Pale ambapo rada ipo, na inaona mvua inavyosogea, taarifa za saa mbili tatu zijazo zenye majina ya kata au mabonde ya mito zingeweza kutolewa mara nyingi zaidi. Mahali pasipo na rada, ingetosha kutaja sifa za mahali badala ya jina: walio mabondeni, walio chini ya miteremko iliyokatwa miti, walio kando ya mito inayotoka milimani hata kama kwao hakujanyesha. Hilo la mwisho ni muhimu, maana mafuriko mengi humkuta mtu chini ya anga jeupe.

Pili, huduma hizi hazijisahihishi hadharani. Wataalamu hupima utabiri wao dhidi ya kilichotokea, na wengine huchapisha takwimu hizo, lakini kwa lugha na mahali ambapo mwananchi hafiki. Ningependa kila baada ya mwezi tusomewe, kwa dakika moja tu baada ya utabiri: tulisema hivi, ikawa hivi, hapa tulipatia, hapa hapakuwa, na sababu ni hii. Mtu aliyeambiwa ukweli kuhusu makosa ya jana ndiye atakayetoka nyumbani kesho akiambiwa atoke. Nilipowaonyesha majirani daftari langu, lenye siku zote, za kupatia na za kukosea, hawakuicheka huduma. Walianza kuniuliza kila jioni taarifa inasemaje.

Kwa anayetaka kuanza kuitumia huduma hii, ushauri wangu ni achukue taarifa kutoka kwenye chanzo rasmi chenyewe. Programu nyingi za simu huonyesha picha ya wingu iliyotoka kwenye hesabu ya kompyuta bila mtaalamu kuipitia, na nyingine hazionyeshi tahadhari za taifa kabisa. Picha zinazosambazwa kwenye makundi ya simu mara nyingi hazina tarehe, na mwaka huu nimepokea mara mbili taarifa ya kimbunga iliyokuwa ya miaka iliyopita. Tazama tarehe na saa ya kutolewa kabla ya kusoma lolote jingine. Usizime ujumbe wa dharura kwenye simu kwa sababu ulikuamsha mara moja bure.

Kopo langu bado liko pale pale uwanjani. Jirani mwenye jembe ameweka la kwake, hatua chache tu kutoka langu, na mvua ya wiki iliyopita ilimpa milimita saba zaidi yangu. Tumeziandika zote mbili.